Skrini Isiyoonekana Kutoka Mlangoni

Kutoka Ekerenyo mpaka Ogembo hakuna mtu aliyezijua skrini kama Bosire. Hayo aliyasema Bosire mwenyewe, akiwa amesimama katikati ya duka la Dahabo mjini Kisii, mikono kiunoni, kwa sauti iliyowafanya hata wateja wa duka la viatu la jirani wachungulie kumwona huyo bingwa. Akaongeza kwamba yeye hauziwi kitu na mtu. Monita akiitupia jicho mara moja tu anajua ina nini ndani, na wenye maduka wengi huwa hawapendi kumwona akiingia.

Mkewe, Nyanchera, alikuwa nyuma yake amembeba binti yao Linda mgongoni. Hotuba hiyo alikuwa ameshaisikia nyumbani na njiani, na Sabato iliyopita aliisikia hata kwenye benchi la kanisa. Akamkaza mtoto mgongoni.

"Sawa, bingwa," alisema Dahabo. Alikuwa mama wa makamo, mtoto wa mji, ameuza vyombo vya umeme tangu enzi za televisheni za mgongo, na Ekegusii chake, lugha ya Wakisii, kilikuwa safi kuliko cha vijana wengi wa rika la Bosire. "Mimi nina swali moja tu. Nani ataitazama hiyo skrini, na atakuwa amekaa wapi?"

Swali dogo. Lakini Bosire alilisikia kama ameulizwa iwapo alinawa uso asubuhi.

"Si ni mimi! Mimi ndiye nacheza."

"Wewe peke yako?"

"Wengine wananiona kwa simu zao. Ndiyo maana inaitwa laivu, mama."

"Nauliza tu, usiniume. Hii unayoishika ni TN. Inakimbia, sikatai. Picha mia mbili na arobaini kwa sekunde moja. Lakini mtu akiitazama kutoka kando, picha inakufa. Hii ya pili ni IPS. Mbio zake ni kidogo kuliko hiyo, lakini hata ukiwa pembeni kabisa unaona kila kitu. Njoo usimame hapa kwa kona uone."

"Nisimame kwa kona? Mimi ni mwanafunzi mtoro?"

Miezi mitatu Bosire alikuwa amesoma habari za monita kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu. Vijana wa huko ng'ambo wote walikuwa wanasema mbio, mbio, mbio. Hakuna hata mmoja aliyesema kona.

"Baba Linda," Nyanchera alisema polepole, "na mzee je?"

"Mzee gani?"

"Babako. Si anakuja Jumapili kuona."

"Ataona. Ana macho."

"Ataona akiwa wapi?" Dahabo akauliza.

Nyanchera alifungua mdomo ajibu. Bosire akamkatiza. "Mama, wewe unauza ama unafanya sensa?"

Basi akauziwa. Akachukua ile TN kubwa, na pembeni yake monita ndogo kuukuu iliyotoka katika ofisi fulani, ya kusomea meseji za watazamaji na kuongozea matangazo. Dahabo alimwambia hiyo ndogo ni IPS japo imezeeka. Bosire akasema ya kusoma meseji hata ingekuwa ya udongo ni sawa.

"Una siku saba," Dahabo alisema akifunga boksi kwa gundi. "Ukinirudishia nzima, bila mkwaruzo, nakubadilishia na hatugombani. Ikija na alama, wallahi hatujuani."

Sasa, kabla ya kumcheka Bosire, na nafasi itapatikana, ni haki ijulikane alikuwa anatafuta nini.

Baba yake, Mzee Onchiri, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa na chumba kimoja cha biashara sokoni Ekerenyo, upande wa Nyamira. Mpangaji alikuwa amehama. Watoto wawili walikuwa wanakitaka. Angwenyi, mkubwa, alitaka kuuzia mbolea na dawa za ng'ombe. Bosire alitaka kufungulia chumba cha gemu na kurushia matangazo yake, maana nyumbani umeme ulikuwa unarukaruka kila mara jirani alipowasha mashine ya kusaga, na intaneti ya waya ilikuwa imefika sokoni ikakataa kupanda kilima. Mwaka mzima alikuwa anacheza gemu ya mpira laivu na kuitangaza mwenyewe kwa Ekegusii, na Wakisii walikuwa wanamtazama kutoka Nairobi, Qatar na kule Minnesota, wengine wakiwa kazini na simu imefichwa chini ya meza. Kuna siku walifika mia nne. Bila kile chumba, Bosire alijua, angerudi kuchuma majani chai na kusimulia mpira kwa migomba.

Mzee alikuwa amewaambia hivi: "Angwenyi ameniletea mfuko wa mbolea, nikaushika. Wewe Bosire unaniambia kazi yako iko hewani. Jumapili nitakuja nikuone ukiifanya. Nikiona kazi, ufunguo nakupa."

Nitakuja nione. Hapo ndipo mambo yalipokuwa.

Tangu siku Bosire alipomleta Nyanchera na moto ukawashwa katika ile nyumba, mguu wa Mzee Onchiri haukuvuka kizingiti chake. Hawakuwa wamekosana. Ni chinsoni, zile haya na heshima za baba na mwana ambazo hakuna aliyeziandika na hakuna Mkisii asiyezijua. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Huita akiwa uani, akaletewa kiti nje. Na maneno ya chumbani hayatajwi mbele yake, hata kwa mzaha. Bosire aliyajua hayo kabla ya kujua kuhesabu. Lakini wale walimu wake wa kwenye simu, baba zao huingia sebuleni wakanyoosha miguu mbele ya skrini, kwa hiyo hakuna aliyemwandikia kwamba mzee atakuwa mlangoni. Na Bosire, kwa kuwa alikuwa bingwa, hakujikumbusha.

Nyanchera alijaribu tena Jumamosi jioni, Sabato ilipokwisha. "Geuza meza iangalie mlango."

"Nimeipigilia misumari. Waya zote nimezibana kwa ukuta. Kamera nimeshaipima."

"Ama tuvipeleke kwa mzee, sebuleni kwake."

"Intaneti ya simu inashika hapa tu, itatufuata huko? Nyanchera, hebu nipikie chai."

Meza ilikuwa imeegemezwa ukuta uleule wenye mlango. Aliyeketi alikuwa anaipata skrini usoni, na mgongoni mwake lilikuwa dirisha dogo linalotazama shambani. Aliyesimama mlangoni alikuwa anaipata skrini kama anavyokipata kisu kwa upande wa makali.

Jumapili saa tisa mzee akafika, koti la kanisani mwilini. Jua lilikuwa kali. Bosire alikuwa ameshaenda laivu, vifaa vya kusikilizia vimefunika sikio moja, na alikuwa amewatangazia watazamaji wake kwamba leo baba anakuja kushuhudia, kwa hiyo wakae kama watu.

"Bosire!"

"Ee Baba, karibu. Nyanchera, leta kiti."

"Kiti cha nini? Nimekuja kuona, sikuja kukaa." Mzee akapanda kibarazani, akasimama mlangoni, vidole vya viatu vikiwa nyuma ya kizingiti kwa upana wa kiganja, mikono nyuma, shingo mbele. "Iko wapi?"

"Hii, Baba. Hii kubwa."

"Naona kitu cheusi."

"Angalia vizuri."

"Naangalia. Ni kama zile negativu za picha za zamani. Huyu mtu mbona ana uso mweusi na meno meusi?"

"Hao ni wachezaji, Baba. Wanakimbia!"

"Labda wanakimbia. Mimi naona moshi."

Bosire aliongeza mwanga. Moshi ukawa moshi mweupe. Akaubadilisha tena. Kijasho kikamtoka puani. Kwenye gemu timu yake ikafungwa bao akiwa anabonyeza vitu vingine, na sikio lake moja likajaa kelele za watu wa Qatar.

"Si uiname kidogo! Sogeza kichwa ndani!"

Nyanchera, aliyekuwa anakuja na chai kutoka jikoni nje, alisimama palepale. Hata kuku wa uani walionekana kutafakari.

"Bosire," mzee alisema, bila kupandisha sauti. "Unataka nisogeze kichwa wapi?"

Mzee akapumua. Alikuwa mwalimu, na mwalimu hutafuta namna ya kumpa mwanafunzi hata alama mbili.

"Lakini hii ndogo naiona vizuri sana," alisema. "Hii ina maandishi. Maandishi yako wazi kabisa." Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani. "'Bosire... leo miguu... yako mizito. Jana Mama Linda... alikunyima usi...'"

Akaivua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni polepole sana.

Nyanchera aliweka kikombe chini, akajifunika kanga mpaka kichwani, akapotelea jikoni. Mzee alimtazama mwanawe kwa muda ambao mtu angeweza kukariri zaburi fupi.

"Nimeona," alisema, akashuka kibarazani.

Bosire alisikia viatu vyake vikienda, mchanga, kisha nyasi, kisha kimya. Angeweza kumkimbilia. Lakini mchezo ulikuwa dakika ya sabini, watu mia tatu na ushee walikuwa wanamtazama, na hasira ilikuwa imemkalia kifuani kama gunia la majani mabichi. Hasira kwa yule mpumbavu wa Minnesota aliyeandika upuuzi. Hasira kwa Dahabo na kona yake. Kwa Nyanchera, kwa sababu alisema. Kwa baba yake, kwa sababu ya mguu wake usiovuka mbao ya inchi nne. Akacheza kwa hasira hizo zote, na mtu akicheza gemu kwa hasira wakati mwingine hucheza vizuri. Akasawazisha. Akaanza kutangaza, sauti ikapanda, Ekegusii kikamiminika, akawataja wachezaji wa Ulaya kwa majina ya wajomba zake, na dakika ya themanini na nane akapiga shuti moja la mbali lililoingia kama limetumwa. Tatu kwa mbili!

Akaitupia macho skrini ndogo apate sifa zake.

"Bosire nyuma yako," mmoja alikuwa ameandika.

"Mzee huyo."

"Mzee anacheka!"

"Haki mzee anacheka mpaka ameshika tumbo."

Meseji zilikuwa zinashuka kama mvua ya mawe ya Kisii, mzee, mzee, mzee, na vikatuni vya watu wanaolia kwa kicheko.

"Mnanicheka na baba yangu?" Bosire alifoka. "Baba yangu ni mzaha kwenu? Nendeni mkawacheke baba zenu!" Akayafunga matangazo kabla kipenga hakijalia. Akavua vifaa vya masikioni akavirusha kitandani. Chumba kikawa kimya, na mbele yake ile skrini kubwa ikabaki inang'aa, rangi zote zimekaa sawasawa, nzuri ajabu kwa mtu mmoja aliyeketi mahali pamoja. Nadhani ni uzuri huo uliommaliza. Aliikunja ngumi akaipiga katikati.

Ikatoa sauti ya yai linalopasuka. Nyufa zikatambaa kama utando wa buibui, na katikati doa jeusi likaanza kusambaa kama wino kwenye daftari.

Nyanchera aliporudi alimkuta amesimama, mkono kwapani.

"Imefanya nini?"

"Imejipasukia. Ilikuwa na ugonjwa. Umeona sasa kwa nini mzee hakuona kitu? Yule mama ametuibia."

Nyanchera aliiangalia skrini, akamwangalia mumewe, akachukua mtoto akaenda kuchuma mboga.

Kesho yake asubuhi Mzee Onchiri aliita akiwa uani. Bosire akatoka.

"Ile kitu ya jana," mzee alisema. "Ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa imevunjika ndani, Baba. Yule mama wa Kisii aliniuzia iliyovunjika."

"Iliyovunjika."

"Ndiyo, Baba."

"Tangu dukani."

"Tangu dukani. Ina doa kubwa hivi. Ndilo lililozuia usione."

Mzee akachezea kitufe cha koti. Angwenyi alikuwa ameshapita kwake alfajiri na kipimo cha rafu za mbolea. Mzee alikuwa amemwambia asubiri, bado hajamaliza jambo moja. "Basi lete boksi," alimwambia Bosire. "Kama umeibiwa, sitakuacha uende peke yako. Tukirudi kutoka Kisii nitawaambia nyote wawili nimeamua nini."

Bosire alirudi ndani kuchukua boksi kwa hatua za mtu mgonjwa. Lakini hasira ni rafiki mwaminifu, ilimwinua. Alijieleza kichwani njia nzima, na kila alipojieleza doa lilizidi kuzeeka. Walipopita kituo cha mabasi lilikuwa la juzi. Walipofika mlangoni kwa Dahabo lilikuwa la kiwandani, na Bosire alikuwa ana uchungu wa kweli wa mtu aliyedhulumiwa.

"Mama! Toka hapa uone ulichoniuzia!"

Wateja wawili waligeuka. Dahabo alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini.

"Bingwa, habari ya nyumbani? Na huyu ni mzee? Shikamoo mzee. Karibu kiti." Akamsogezea mzee stuli, naye mzee akakaa, hapa hapakuwa na kizingiti cha mwana. "Haya, shida ni nini?"

Bosire akaifungua boksi kwa vishindo, akaisimamisha skrini juu ya meza ya kioo.

Dahabo akainama. Akapitisha ukucha juu ya nyufa, taratibu, kutoka pembeni mpaka katikati. "Ndugu yangu, hii imepigwa."

"Nani ameipiga? Ilitoka hivi kwa boksi!"

"Niliiwasha mbele yako hapa. Ulisema ni nzuri mpaka unaogopa kuilaza."

"Ulinionyesha nyingine ukafunga nyingine! Mnatufanyia hivi sisi watu wa Nyamira kwa sababu mnadhani tunatoka migombani hatujui kitu! Mimi ninajua skrini, mama. Nitakuweka laivu. Watu mia nne watalijua duka lako leo!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Babangu alikuja kuona kazi yangu, mzee mzima, amesimama juani, haoni kitu, ni weusi mtupu. Umeniaibisha mbele ya mzazi wangu. Unajua nimekosa nini kwa sababu yako? Unajua?"

Dahabo alikunja mikono. Na yeye sasa alikuwa amekasirika, lakini ya kwake ilikuwa hasira ya chini, ya mtu aliyelipa kodi ya duka miaka ishirini bila kuitwa mwizi.

"Mimi nilikuuliza nani ataitazama na kutoka wapi. Mkeo alikuwa shahidi. Ungeniletea hii leo ikiwa nzima, ningekupa ile IPS bila hata neno, kwa heshima ya huyu mzee. Lakini hii ina ngumi katikati. Ona vidole, moja, mbili, tatu, nne. Unataka niiandikie kiwanda kwamba walisahau ngumi ndani?"

Mteja mmoja akacheka. Bosire akamgeukia baba yake. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hayo maji, bahati mbaya, hayakuwa ya uongo.

"Baba, mwambie. Wewe ulikuwepo. Ulisimama pale mlangoni ukaona ilivyo. Si uliiona mbovu? Mwambie!"

Mzee Onchiri alikuwa amekaa kwenye stuli, kofia magotini. Hakumtazama mwanawe. Alizitazama skrini zilizojipanga ukutani, zote zimewaka, na kutoka alipokaa baadhi zilionekana na baadhi zilikuwa moshi.

"Mama," alimwambia Dahabo, "hili ninalosema ni aibu kwa mtu wa rika langu. Lakini sina jingine."

"Sema tu, baba."

"Jana niliondoka mlangoni nimekasirika. Nilifika kwenye migomba nikamsikia huyu anatangaza. Nikajiambia, Onchiri, umekuja kuona, nawe hujaona. Nikazunguka nyuma ya nyumba." Akaigeuza kofia magotini. "Nikachungulia kwa dirisha lake. Nyumba ya mwanangu. Sijawahi, na sitarudia."

Bosire akaitazama skrini iliyopasuka.

"Kutoka pale inaonekana wazi," mzee akaendelea. "Niliwaona wote, mpaka namba za mgongoni. Nikaona anafunga lile bao la mbali huku anampa sifa shemeji yangu aliyekufa, na nilicheka, mama, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nataka nizunguke nimwite nje nimwambie."

Hapo ndipo akamgeukia Bosire.

"Halafu ukafunga, ukavua vile vya masikio, ukavitupa kitandani. Ukaukunja mkono wa kulia. Niendelee, ama utamwambia mwenyewe?"